Kiyoyozi kwenye Hilux ya 1977: shajara ya mradi

Wiki ya 1, Jumamosi

Pikapu ni Toyota Hilux ya 1977, kizazi cha pili, injini ya 12R yenye cc 1,587, kabureta, gia nne, kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Baba aliiendesha miaka mingi kabla haijaja mikononi mwangu. Bodi yake haijawahi kukatwa wala kuongezwa kitu, na kiyoyozi haijawahi kuwa nacho.

Baba amefikia umri ambao joto linamchosha kuliko safari yenyewe. Mwaka huu tumesafiri naye mara mbili humu ndani, na mara zote mbili alishuka shati limemganda mgongoni, akakaa kimya karibu nusu saa kabla ya kusema lolote. Gari hili analipenda na sitaki aache kulipanda kwa sababu ya jua. Ndiyo maana nimeanza kazi hii.

Nimejiwekea sharti moja: hakuna tundu jipya kwenye bamba la asili. Kila kitu kifungwe kwenye matundu yaliyopo, ili atakayeimiliki baada yangu akitaka aweze kufungua vyote na kuikuta ilivyotoka kiwandani.

Vifaa vimeshafika: evapareta (inayonyonya joto la kebini) na blowa yake (feni ya ndani) ndani ya kisanduku kimoja, kompresa (pampu ya kukandamiza gesi) ya Sanden SD508 yenye pistoni 5 na ujazo wa cc 138 kwa kila mzunguko, kondensa ya vijia bapa (inayotupa joto nje), draya (chupa ya kunyonya unyevu), mipira ya gesi na viungio vyake. Mfumo ni wa gesi ya R-134a. Pikapu za umri huu zilizotoka na kiyoyozi zilitumia R-12, gesi ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiondoa sokoni hatua kwa hatua kwa sababu ilikuwa inakula tabaka la ozoni. Kwa anayeanza na gari tupu kama hili, hilo ni nafuu: mfumo wote ni mpya, wa gesi moja na oili moja, hakuna mabaki ya oili ya zamani ya kusafisha.

Wiki ya 1, Jumapili

Leo sikugusa spana. Nimekata maboksi nikatengeneza mfano wa kisanduku cha evapareta, kipimo kwa kipimo, nikawa nauhamisha huku na huku chini ya dashibodi.

Njia rahisi ni kukining'iniza katikati, chini ya redio, kama vilivyofungwa viyoyozi vingi vya kuongeza miaka ya 1970. Nilikaa katikati ya kiti nikajaribu: magoti yanagonga kisanduku, na gia ya tatu inagonga goti. Kiti cha watu watatu kinageuka cha wawili. Nimekataa.

Nafasi nyingine iko nyuma ya boksi la dashibodi upande wa abiria. Nikilitoa boksi lenyewe na kusogeza kebo ya hita kidogo, mfano wa boksi unaingia na kubakiza kama sentimita mbili juu. Boksi la asili nitalifupisha kwa kulitengenezea mgongo mpya wa plastiki, lenyewe halikatwi. Kazi itakuwa ndefu zaidi kwa siku tatu au nne, na dashibodi itabaki na sura yake.

Wiki ya 2

Wengi hukimbilia kompresa. Mimi nimeanza na bati, kwa sababu kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Kila joto unalolizuia kuingia ni joto ambalo mashine haitalazimika kulibeba.

Kabla ya kung'oa chochote nilipima. Saa saba mchana, nje nyuzi 33, baada ya kuendesha nusu saa: sakafu upande wa abiria, juu ya bomba la ekzosi, ilikuwa nyuzi 58. Bamba linalotenganisha injini na kebini, nyuzi 54. Dari kwa ndani, nyuzi 51. Abiria wa gari hili alikuwa amekaa ndani ya sufuria.

Nimetoa kiti, zulia na paneli za milango. Chini ya zulia kulikuwa na karatasi nene ya lami iliyokauka ikawa vipande. Nimekwangua, nikapiga msasa sehemu mbili zenye kutu nyepesi, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nikabandika shiti za butili zenye karatasi ya alumini, na juu yake sponji ya seli zilizofungwa yenye unene wa milimita 6. Sponji lazima iwe ya seli zilizofungwa. Ile ya godoro inanyonya maji, na sakafu inaoza kimyakimya chini yake.

Matundu ya kebo za spidomita na hita yote yalikuwa wazi kwa sababu mipira yake ilishakufa. Nilizima taa za gereji, nikaweka tochi upande wa injini na kuingia kebini: nilihesabu sehemu tisa ambapo mwanga unapenya. Kila mwanga unapopita, hewa ya moto ya injini inapita. Zote zimezibwa kwa mipira mipya. Mipira ya milango nayo nimebadilisha. Kipimo cha tochi nakipendekeza kwa kila mtu mwenye gari la zamani, hata asiye na mpango wa kiyoyozi.

Vipimo vipya, hali ileile: sakafu 43, bamba la injini 41, dari 40. Kiyoyozi bado hakijafungwa na tofauti inasikika miguuni.

Wiki ya 3

Kompresa na mkanda wake. Sehemu hii ndiyo iliyonila muda kuliko zote.

Kwenye bloku kuna matundu mawili ya bolti yaliyokaa wazi, yenye nyuzi nzima. Mabano niliyotengeneza yanashika hapo, na mguu wa tatu unashika bolti ya altaneta. Bamba ni la milimita 10. Jaribio la kwanza nilitumia milimita 6, na kwa macho lilitosha, lakini nilipolivuta kwa mkono lilicheza. Kompresa ni chuma cha kilo sita na zaidi kinachovutwa na mkanda na kutikiswa na injini ya silinda nne. Bano likicheza kidogo leo, bolti inakatika kesho.

Puli ya krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) ilikuwa na mfereji mmoja tu. Nimepata ya mifereji miwili kutoka kwenye injini ya aina hiyohiyo iliyotoka na kiyoyozi. Kabla ya kuifunga nililinganisha alama ya taimingi ya puli ya zamani na mpya kwa kuzilaza moja juu ya nyingine. Zimelingana. Zisingelingana, ningekuja kuseti taimingi kwa alama ya uongo na kumlaumu kompresa kwa injini kukosa nguvu.

Halafu mstari. Puli ya kompresa inatakiwa ikae sawasawa na mfereji wake kwenye krenkishafti. Niliweka rula ndefu ya chuma: ilikuwa nje kwa milimita 4. Mkanda ukipinda kiasi hicho unapiga kelele, unajila pembeni na unaua beringi ya klachi ya kompresa, ile ya sumaku inayoiunganisha na puli. Nimefungua, nikasaga washa za nafasi, nikafunga, nikapima, nikafungua tena. Mara ya tano tofauti imebaki chini ya milimita 1. Hapo ndipo nilipokaza bolti kwa mara ya mwisho.

Matundu ya gesi ya kompresa yanaelekea juu, jinsi inavyotakiwa ili oili ibaki tumboni mwake.

Wiki ya 4

Kondensa imekaa mbele ya rejeta, ikiwa imeacha nafasi ya milimita 20. Imeshikwa na mabano manne kwenye bolti zilezile za rejeta. Draya imesimama wima pembeni, bado na vifuniko vyake. Dawa iliyo ndani yake inanyonya unyevu wa hewa tangu dakika inapofunguliwa, kwa hiyo itafunguliwa mwisho kabisa.

Rejeta nilishaipeleka ikaongezwa safu ya tatu ya vijia. Kondensa inatupa joto lote lililotoka kebini pamoja na joto la kazi ya kompresa yenyewe, na lote linapulizwa moja kwa moja usoni kwa rejeta. Injini iliyokuwa inaelekea kuchemka kabla ya kiyoyozi itachemka baada yake.

Feni ya umeme ya inchi 12 imekaa mbele ya kondensa, nyuma ya grili, inasukuma hewa kuelekea nyuma.

Wiki ya 5

Mipira ya gesi. Ni mitatu: mnene wa kurudisha gesi kwenye kompresa, wa kati wa kutoka kompresa kwenda kondensa, na mwembamba wa kubeba gesi iliyogeuka kimiminika kutoka draya kwenda kwenye valvu ya ekspansheni, kitundu chembamba kinachoshusha shinikizo kabla ya evapareta. Nilipitisha kwanza kamba ya nguo katika njia ya kila mpira, nikafungua na kufunga boneti, nikatikisa injini kwa mkono, nikahakikisha hakuna inapogusa ekzosi wala ncha ya bati. Kisha nikakata mipira kwa urefu wa kamba na kuongeza kidogo kwa ajili ya mtikisiko. Viungio vilibanwa kwa mashine na fundi wa viyoyozi, mzee ambaye ameifanya kazi hii tangu enzi za R-12.

Alipoona nimepaka grisi kwenye oringi moja (pete ya mpira ya kuziba kiungio) alinishika mkono. "Mwanangu, grisi weka kwenye beringi. Hapa ni oili ya mfumo, tone moja, na kidole kisafi." Nimezifuta zote na kuanza upya. Nilipouliza kama oringi nyeusi nilizokuwa nazo kwenye kopo zingefaa, alitikisa kichwa tu na kunipa za kijani, za raba inayovumilia R-134a na oili ya PAG, ile inayolainisha kompresa.

Mipira miwili ya evapareta ilinipa furaha ambayo sikuitarajia. Kwenye bamba la injini upande wa abiria kulikuwa na kofia mbili za mpira zimekaa tangu 1977, matundu yaliyoachwa kwa magari yenye usukani upande wa pili. Yote mawili yanatosha. Sharti langu lilikuwa bado limesimama.

Lilianguka siku iliyofuata, kwenye maji. Evapareta ikifanya kazi inakamua unyevu wa hewa, na maji hayo yanahitaji kushuka nje kwa mteremko. Mdomo wa kutolea maji uko chini ya kisanduku, na tundu la karibu zaidi liko juu yake kwa sentimita tatu. Maji hayapandi. Nilijaribu kuinamisha kisanduku, nikajaribu mpira mrefu uende hadi tundu la kebo ya spidomita, lakini kila njia ilikuwa na kipande kinachopanda, na kipande kinachopanda ni dimbwi linalosubiri kumwagika juu ya sponji mpya.

Niliacha kazi siku tatu. Jioni ya siku ya tatu nilimweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Gari ni la kupanda watu, mwanangu. Toboa."

Nimetoboa. Tundu moja la milimita 16, sakafuni karibu na bamba la injini, mahali ambapo zulia linafunika. Kingo zimepigwa tupa, zimepakwa rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili na kuvishwa mpira. Nimelipiga picha na kuliandika kwenye daftari la gari.

Wiki ya 6

Umeme. Altaneta ya asili imeandikwa ampea 40. Hesabu yangu ya usiku wa mvua: taa za mbele 10, ignisheni 4, blowa 12, feni ya kondensa 10, klachi ya kompresa 4, waipa 4. Jumla 44, na kwa resi ya kusimama altaneta haitoi hata nusu ya ilichoandikiwa. Nimefunga ya ampea 70 na waya mpya mnene kwenda betri. Blowa, feni na klachi kila kimoja kina rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi yake, ili swichi ndogo za dashibodi zisibebe mzigo.

Koili ya klachi nimeipima omu 3.6, yaani ampea 3.5 hivi kwa volti 12.6. Sambamba nayo nimeweka dayodi, kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Koili inapokatwa umeme inarudisha mshindo wa volti nyingi, na mshindo huo ndio unaounguza midomo ya swichi.

Swichi ya shinikizo iko kwenye draya: inakata klachi gesi ikiwa kidogo mno, inaikata pia shinikizo likipanda kupita kiasi, na katikati inawasha feni ya kondensa.

Wiki ya 7

Kupima uvujaji kwa nitrojeni kavu, si kwa kompresa ya upepo. Upepo wa kawaida una unyevu, na oksijeni iliyomo ikikandamizwa pamoja na oili inaweza kulipuka.

Jumamosi saa kumi na moja jioni, shinikizo la paundi 150 kwa inchi ya mraba, nyuzi 33. Jumapili alfajiri, paundi 128, nyuzi 22.

Hapa hesabu ina faida. Gesi ikipoa ndani ya chombo kilichofungwa shinikizo linashuka lenyewe. Kutoka nyuzi 33 hadi 22, paundi 150 zilipaswa kuwa kama 144. Paundi 6 zilikuwa za baridi ya usiku. Zile 16 nyingine zilikuwa zimetoroka.

Povu la sabuni lilionyesha mahali baada ya dakika kumi: kiungio cha juu cha draya. Nilikuwa nimekikaza kwa spana moja, mpira ukajizungusha, oringi ikabanwa pembeni na kukatika. Sasa kila kiungio kinashikwa kwa spana mbili, moja inazuia, nyingine inakaza. Oringi mpya, draya mpya pia, kwa kuwa ile ya kwanza ilikaa wazi wakati nikihangaika. Kuitupa kuliniuma, lakini dawa yake ilishakunywa maji.

Jumapili jioni paundi 150 kwa nyuzi 31. Jumatatu alfajiri paundi 145 kwa nyuzi 21. Hesabu inasema 145. Nimekaa juu ya tairi la akiba nikanywa chai taratibu.

Wiki ya 8, Jumamosi

Fundi mzee wa viyoyozi alikuja na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote), mizani na geji zake. Pampu ilivuta dakika 45. Kazi yake kubwa kuliko kutoa hewa ni kuchemsha maji. Kwa nyuzi 25, shinikizo likishuka hadi kama asilimia 3 ya lile la hewa ya kawaida, maji yanachemka bila moto na kutoka kama mvuke. Unyevu ukibaki unaganda kwenye kitundu cha valvu ya ekspansheni na kuziba njia, au unaungana na oili na kuanza kula chuma. Baada ya hapo alifunga koki, tukasubiri nusu saa. Sindano haikusogea.

Gesi inapimwa kwa uzito. Gramu 600 kwa mfumo huu. Sehemu ya kwanza iliingia yenyewe kwa nguvu ya vakyumu, injini ikiwa imezimwa. Kisha alizungusha klachi ya kompresa kwa mkono mizunguko kumi ili kimiminika chochote kilichokaa kwenye silinda kitoke. Kimiminika hakikandamiziki, kinachovunjika ni valvu. Iliyobaki iliingia kama mvuke, kopo likiwa limesimama, injini ikiunguruma.

Klachi ilishika, injini ikashuka resi, na baada ya sekunde chache mpira mnene ulianza kutoa jasho. Niliingia kebini na kipimajoto.

Nyuzi 17 kwenye tundu la hewa la katikati. Nje 33.

Kwa gari lisilowahi kuwa na chochote, 17 inafurahisha kwa dakika tano. Lakini haitoshi. Geji ya chini (ya gesi inayorudi kwenye kompresa) ilisoma paundi 45 na ya juu (ya gesi inayotoka) 310. Mzee alitaka kuondoka akaniachia nijifunze, nami nilitaka hivyohivyo. Aliniambia neno moja tu: "Usiongeze gesi."

Wiki ya 8

Siku nne za kutafuta nyuzi tisa.

Ya kwanza nilimwaga maji kwa mpira wa bustani kwenye kondensa huku injini ikiunguruma. Paundi 310 zilianguka hadi 230 mbele ya macho yangu, na hewa ya ndani ikashuka nyuzi tatu. Basi gesi haikuwa tatizo. Kondensa ilikuwa haipati pumzi. Mtu angeongeza gesi hapo, angepandisha shinikizo zaidi na kuua kompresa.

Nikashika karatasi mbele ya grili, feni ikiwa imewashwa. Ilipaswa kunyonywa ibandike. Ikasukumwa ikaruka mbali. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Nilikuwa nimegeuza waya chanya na hasi, ikawa inapuliza kwenda mbele wakati feni ya injini inavuta kwenda nyuma, na kondensa katikati yao imekaa kwenye hewa iliyosimama. Nimegeuza waya: 240.

Bado kulikuwa na mapengo pembeni ya rejeta, ya upana wa vidole viwili. Hewa ya moto iliyokwisha kupita ilikuwa inazunguka kupitia hapo na kuingia tena mbele. Nimeyaziba kwa vipande vya sponji ngumu, juu na pembeni. Sasa ni 220, na geji ya chini imeshuka hadi 33.

Ndani, nyuzi 13. Bora, lakini haikulingana na geji. Paundi 33 za R-134a maana yake evapareta iko nyuzi 3 hivi. Mahali fulani kati ya evapareta na uso wangu joto lilikuwa linaingia.

Nilipitisha mkono nyuma ya dashibodi na kugusa mabomba ya hita. Ya moto. Kebo ya hita ilikuwa imefungwa hadi mwisho, lakini valvu yake imezeeka na inapitisha maji kidogo ya nyuzi 80 na ushee kila wakati. Kisanduku cha hita kiko bega kwa bega na kisanduku changu kipya. Nilibana mpira wa hita kwa koleo: baada ya dakika kumi, nyuzi 9. Nimefunga valvu mpya kwenye mpira wa kuingilia, inayofungwa kabisa, na kebo ya asili inaivuta ileile.

Jana mchana, nje 33, injini mizunguko 1,500, hewa ikizungushwa ya ndani: nyuzi 8. Geji ya chini 30, ya juu 220.

Wiki ya 9

Injini inazima kwenye mataa. Bila kiyoyozi inaunguruma kwa mizunguko 700. Klachi ikishika inashuka hadi 480, inatetemeka, inakufa. Kompresa inakula kama nguvu za farasi tatu hadi tano, na injini hii ikiwa imetulia haina za kugawa.

Kupandisha skrubu ya kabureta si dawa, maana kiyoyozi kikizimwa injini inabaki inalia juu. Nimefunga kidaiframu (kikopo chenye utando wa mpira) kinachosukuma mkono wa kabureta kwa vakyumu ya injini, kikiamriwa na valvu ya umeme iliyounganishwa na waya wa klachi. Klachi ikishika, kidaiframu kinasukuma. Nimekiseti ishike 900. Nilisafisha pia pointi za ignisheni na kuweka pengo upya kabla ya kuseti. Hakuna maana ya kurekebisha resi ya injini ambayo plagi zake hazichomi sawa.

Wiki ya 10

Safari na baba, kilomita 180 kwenda, tukirudi siku hiyohiyo.

Alikaa dirishani kama kawaida yake, kioo kimeshuka, kiwiko nje. Nikawasha. Alitazama matundu ya dashibodi, akaweka kiganja mbele yake, akakirudisha mapajani.

"Baba, funga kioo."

"Nimezoea hivi."

Tulikwenda hivyo kilomita kama kumi, baridi yote ikitokea dirishani. Kisha lori likatupita na vumbi lake, akapandisha kioo, na hakukishusha tena. Joto la injini lilikaa katikati ya geji muda wote, hata kwenye mlima mrefu ambao zamani tulisimama kupumzisha rejeta. Tulipofika alishuka, akajinyoosha, akaanza kunieleza habari za jirani mmoja kabla hata sijafunga mlango. Shati lilikuwa kavu.

Chini ya gari, mahali pa tundu langu la milimita 16, kulikuwa na dimbwi dogo la maji safi. Alilitazama akauliza kama ni rejeta. Nikachovya kidole nikamwonyesha: baridi, haina rangi.

Mwezi mmoja baadaye

Kilomita 1,100. Mkanda ulikuwa umelegea kidogo, sasa ukibonyezwa katikati unashuka milimita 10. Bolti moja ya bano imekubali robo mzunguko, nyingine hazikusogea. Povu la sabuni kwenye viungio vyote: hakuna kitu. Geji ya chini 30, ya juu 215, nje nyuzi 32, hewa ya ndani nyuzi 8. Sponji moja ya pembeni ya rejeta imeanza kubanduka, nimeifunga kwa vibanio vya plastiki badala ya gundi.

Boksi la dashibodi limerudi mahali pake na mgongo wake mpya. Kilichobaki ni mashine ya kioo upande wa abiria. Ilikuwa haipandishwi mara nyingi, na sasa inatumika kila siku, meno yake yanateleza. Paneli ya mlango naifungua Jumamosi.